Mbuzi Aliyezoea Mwendo wa Baba

Banda la mbuzi wetu lilikuwa na harufu mbili, na asubuhi za masika zilikuja pamoja. Ya kwanza ilitoka chini ya sakafu, pale samadi ilipodondokea kupitia nafasi za mbao na kurundikana, nayo ilikuwa kali kiasi cha kukutoa machozi ukiinama kuizoa. Ya pili ilikuwa ya matawi ya kaliandra, ule mti wa kulishia mifugo, yaliyokatwa alfajiri na kuning'inizwa mlangoni yakiwa bado na umande, harufu mbichi inayokaribiana na ya njegere zilizotoka kumenywa. Tuliishi juu ya Manyatta, kwenye mojawapo ya vilima vile vyembamba vya Embu ambako unaweza kumsikia jirani wa kilima cha pili akikohoa, ilhali kumfikia ni lazima ushuke hadi mtoni na kupanda tena. Juu yetu kulikuwa na majani chai, chini yetu kahawa, na katikati nyumba yetu ya mbao, jiko kando yake, na banda hilo lililosimama juu ya nguzo kama mtu aliyekunja suruali asilowe. Nilikuwa darasa la sita. Ndugu yangu Mugendi alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tulibaki watu watatu, na kwa muda mrefu mwaka ule aliyeongea zaidi kati yetu alikuwa redio.

Ndani ya banda aliishi mbuzi mmoja. Alikuwa wa maziwa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mistari miwili myeupe iliyoteremka kutoka juu ya macho hadi mdomoni. Mama alipewa na shangazi yake aliyeolewa Meru, upande wa Nkubu, mbuzi akiwa mdogo, ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Kwa kuwa ametoka Umeruni tulimpa jina la wasichana wa huko, tukamwita Kendi. Alikua akawa mrefu, mwenye mgongo ulionyooka na tabia ya kumtazama mtu usoni kabla ya kukubali chakula chake. Wakati ninaousimulia alikuwa amezaa kwa mara ya pili na maziwa yake yalitosha chai yetu na kikombe cha jirani. Mama alimkamua asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani chai, mimi nikamkamua jioni nikirudi shuleni. Hadi hapo hapakuwa na lolote la ajabu. Karibu kila nyumba kwenye kilima chetu ilikuwa na mbuzi kama huyo au ilimtamani.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia ndizi Mitunguu, kule chini kwenye joto la Imenti Kusini, akazipeleka Nairobi, na nyumbani alipita siku moja moja kama mtu aliyesahau kitu. Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. Alipoingia uani akisalimu, hata kuku walitawanyika. Asubuhi moja alikuwa ameketi kitandani akifunga kamba za viatu, akamwambia Mama kwamba mkono umekufa ganzi, na kabla Mama hajamaliza kumuuliza ni mkono upi, akaanguka ubavu. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi. Alilazwa hospitalini Embu mjini kwa wiki kadhaa, na aliporudi alikuwa na fimbo, mguu wa kulia uliokokotwa, mkono wa kulia uliolala mapajani kama wa mtu mwingine, na mdomo ulioinama upande mmoja.

Kilichotushangaza zaidi ni maneno. Daktari alikuwa amemweleza Mama kwamba akili yake ni nzima na kwamba anaelewa kila kitu, ila njia ya kuyatoa maneno imeharibika, na kwamba yanaweza kurudi au yasirudi. Neno moja lilikuwa limesalia na likajitokeza kila alipotafuta jingine. Neno hilo lilikuwa "kesho". Alitaka maji, akasema kesho. Alitaka dirisha lifungwe, akasema kesho, akajisikia amekosea, akasema tena kwa hasira, kesho, kesho, akipiga sakafu kwa fimbo huku akitutazama kana kwamba sisi ndio tuliomfungia maneno mengine kabatini. Watu wa kanisa walikuja kumwombea, wakawa wanaongea naye kwa sauti ya juu kama wanavyoongea na kiziwi. Mmoja alimuuliza amelala vipi, akajibiwa kesho, na akacheka. Sidhani alikusudia ubaya. Ila tangu siku hiyo Baba alifunga mdomo kabisa. Alituita kwa kugonga fimbo, mara moja kwa Mama na mara mbili kwangu. Jina langu, Wawira, ambalo zamani alilipigia kelele kutoka barabarani, hakulitamka tena, na baada ya muda niliacha kulitarajia.

Mama hakuwa na nafasi ya kukaa naye. Majani chai hayamngoji mgonjwa apone. Kwa hiyo kila asubuhi alimtolea kiti na kukiweka kando ya banda, mahali penye jua, akamfunga Kendi kwa kamba ndefu karibu naye ili ale nyasi za ukingoni. "Baba Mugendi, utuangalizie huyu asiingie kwa maharagwe," alimwambia, kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kumwagiza sukari. Baba aligeuza uso. Nafikiri ilimuuma, mtu aliyeendesha lori usiku kucha akishuka mlima kwa gia, kuachiwa kazi ya kuangalia mbuzi mmoja aliyefungwa. Lakini hakuwa na namna ya kulisema hilo, akakaa.

Siku moja tuliachiliwa shuleni mapema kwa sababu ya mvua, nikapita njia ya nyuma kupitia kahawani, na nilipokaribia banda nikasikia mwanamume akiongea. Nilidhani tuna mgeni. Sauti ilikuwa ya chini, yenye kukwama, ya mtu anayepanga mawe kuvuka mto. Ilisema kwa Kiembu, "Uka," yaani njoo, kisha ikapumzika, kisha ikasema, "Kula... hii. Si... si ile." Nilichungulia kati ya mbao. Baba alikuwa amesimama, mkono wa kushoto umeshika tawi la kaliandra, fimbo imeegemezwa ukutani, na Kendi amemwekea mdomo kiganjani. Akamweleza habari za mvua. Akajaribu neno moja mara nyingi, likatoka limepinda, akalijaribu tena. Mbuzi aliendelea kutafuna akimtazama usoni. Hakucheka wala hakumsaidia kumalizia. Nilirudi kinyumenyume hadi njiani na nikaja upya kwa njia ya mbele, nikiimba ili asikie kwamba nafika. Nilimkuta ameketi kimya, fimbo magotini.

Nilimwambia Mama jioni jikoni. Alikuwa akisonga ugali na mwiko ukasimama sufuriani. "Umesikia mwenyewe?" akauliza. Nikasema nimesikia. "Alisema kesho?" Nikasema hapana, alisema maneno mengine. Mama akasonga tena kwa muda, kisha akasema, "Basi usimwonyeshe kwamba unajua. Na kuanzia leo usimpe mbuzi chakula kabla baba yako hajamaliza kuongea naye." Hivyo ndivyo tulivyoanza kuchelewa. Matawi yaliachwa mbali kidogo na banda, ndoo ya maji iliachwa bombani, chumvi ya mifugo ikasahauliwa juu ya rafu, na Baba, akidhani tumekuwa wazembe, alinyanyuka akavifuata mwenyewe kimoja kimoja, akinung'unika. Sisi tulisikiliza manung'uniko yale kutoka jikoni kama watu wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari. Siwezi kusema nilifurahi tu. Nilimwonea mbuzi wivu. Nilikuwa mtoto wake wa kuzaa, nilimfulia nguo na kumkatia nyama vipande vidogo, na maneno yake ya kwanza yalikwenda kwa mnyama kutoka Nkubu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Kendi alipendelewa kwa sababu moja tu: sauti ya zamani ya Baba haikuwa kitu kwake, kwa hiyo hakuwa na ya kuilinganisha nayo.

Masika yakiwa katikati alikuja afisa wa mifugo, kijana mwembamba mwenye pikipiki, kutoa dawa ya minyoo kilimani. Alimzunguka Kendi mara mbili, akapapasa kiwele, akaupitisha mkono mgongoni. "Mama Mugendi, huyu apelekwe maonyesho," alisema. "Nimeona walioshinda mwaka uliopita. Huyu hawampiti mbali." Mama alicheka akasema ana mgonjwa nyumbani, atapata wapi muda wa kumwosha mbuzi kama bibi harusi. Afisa alikuwa akivaa helmeti yake aliposikia fimbo ikigonga chini. Wote tuligeuka. Baba alikuwa amesimama kando ya kiti. Alifungua mdomo, ukatetemeka, ukafungwa, ukafunguliwa tena. "Aende," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya mgeni tangu yule mtu wa kanisa acheke. Mama alimtazama afisa na kuitikia kwa kichwa, na mambo yakawa yameamuliwa.

Kumtayarisha mbuzi kwa maonyesho ni kazi ndefu kuliko watu wanavyodhani. Afisa alitueleza kwamba mbuzi mzuri asiyejua kutembea kwa kamba atashindwa na mbuzi wa kawaida anayejua, kwa sababu waamuzi wanataka kumwona akienda, akisimama, akikaa ametulia huku akipapaswa na mtu asiyemjua. Kwa hiyo kila alasiri Baba alimchukua Kendi kwa kamba, wakatembea kwenye njia inayopita ukingoni mwa shamba hadi barabara kubwa na kurudi, nami nyuma yao. Siku za kwanza ulikuwa mchezo wa kuvutana. Mbuzi alitaka mbio, mguu wa Baba haukutaka. Mara mbili Kendi alimwangusha Baba, na mara zote mbili Baba alikataa mkono wangu akajiinua kwa kushika shina la kahawa. Baadaye wakapatana. Baba alikwenda hatua chache, akasimama kupumzisha mguu, na Kendi akasimama naye, miguu minne imejipanga sawa, kichwa juu, akingoja. Kisha wakaendelea. Wanawake waliokuwa wakirudi na vikapu vya majani chai waliwapisha njiani na kusema, "Mzee wa mbuzi, habari?" Mwanzoni aliinua fimbo tu. Kuelekea mwisho wa masika alikuwa akijibu, "Nzuri." Jioni nilipomsaidia kuvua viatu niliona kwamba soli ya kulia, iliyokuwa ikikwaruzika vibaya kwa kuburutwa, ilikuwa imeacha kuisha upesi.

Kwato tulizipunguza pamoja. Baba alishika kisu kwa mkono wa kushoto, mimi nikashika mguu wa mbuzi na kuukunja juu ya paja langu, na yeye akakwangua taratibu ukingo uliozidi mpaka sehemu ya ndani, nyeupe yenye wekundu kidogo, ikaanza kuonekana. Hapo ndipo pa kuacha, ukizidisha atachechemea. "Basi," alisema kila alipofika, na nikawa naupenda mlio wa neno hilo. Tulimwosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya mche siku ya jua, tukamkausha kwa gunia, tukamsugua kwa brashi ya viatu iliyokuwa mpya hadi manyoya yakalala upande mmoja. Mama alichanganya chakula chake, majani ya viazi vitamu, kaliandra na konzi ya pumba za mahindi, akawa anamtazama tumbo kama anavyotazama unga uliotiwa hamira. Mimi nilipewa kazi nyingine. Afisa alikuwa amesema mwamuzi humuuliza mwenye mbuzi maswali kwa Kiswahili mbele ya watu. Kiembu cha Baba kilikuwa kimerudi kwa kiasi, lakini Kiswahili, ambacho zamani alikiporomosha kutoka Meru hadi Nairobi, kilikuwa bado njiani. Basi Mama alinifunza majibu nikiwa nasafisha vyombo. Mbuzi huyu amezaa mara ngapi? Anakula nini? Mara ya mwisho alipewa dawa ya minyoo lini? Nikayakariri hadi nikayasema usingizini.

Siku yenyewe tulipanda pikapu ya jirani, Mama na Baba mbele, mimi nyuma na Kendi nikiwa nimemfunika shuka kuukuu asichafuke. Baridi ilikuwa imeanza na ukungu ulikuwa haujaondoka tulipofika uwanjani. Nakumbuka vipaza sauti vinavyobishana, harufu ya maandazi na mafuta ya trekta, wanafunzi wa shule nyingi wamepangwa mistari na masweta ya rangi mbalimbali. Sehemu ya mbuzi ilizungushiwa kamba. Walikuwapo mbuzi wa Meru wenye viwele vikubwa hata wakatembea kwa kutanua miguu, na wamiliki wao walivaa makoti meupe kama madaktari. Baba alivaa koti lake la Krismasi. Mama alimfunga vifungo, akampa kamba, akanisukuma kidogo begani. "Wewe utajibu," akaninong'oneza. "Yeye atashika tu."

Mwamuzi alikuwa mama mnene mwenye buti za mpira na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa manjano. Alitaka mbuzi wote wazunguke uwanja. Wengine walivutwa, wengine wakavuta, mmoja akalala chini. Kendi alikwenda hatua chache akasimama na Baba, akajipanga, akainua kichwa, akaendelea. Nilimwona mwamuzi akigeuka kumtazama tena. Alitujia, akapapasa kiwele, akafungua mdomo wa mbuzi kutazama meno, akauliza, "Mzee, mbuzi wako anakula nini?" na kumwekea Baba kipaza sauti mdomoni.

Nilivuta pumzi. "Mbuzi wetu anakula," nikaanza, na mkono wa Baba, ule wa kulia, ule usiofanya kitu, ukatua begani kwangu. Ulikuwa mzito, lakini ulikuwa umekuja wenyewe. Nikanyamaza. Baba aliinamia kipaza sauti. Pumzi zake zilisikika uwanja mzima. Hakuna neno lililotoka. Nyuma ya kamba kijana mmoja akasema, "Huyu mzee ameamkia pombe!" na watu wakacheka, kicheko kilichoanza upande mmoja na kuzunguka. Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa ameishika ile kamba ya uwanja kwa mikono miwili kana kwamba ndiye aliyefungwa nayo. Mwamuzi hakugeuka kuwatazama waliocheka, wala hakukiondoa kipaza sauti. "Sina haraka, mzee," alisema.

"Kali... kaliandra," Baba alisema. "Na majani ya... ya..." Akalikosa neno, akalisema kwa Kiembu, akatikisa kichwa kulikataa, akalitafuta upya. "Viazi. Viazi vitamu. Jioni... chumvi." Mwamuzi akaitikia kama mtu aliyepata jibu la kawaida, akamuuliza mbuzi amezaa mara ngapi. "Mbili." Akamuuliza ni nani aliyemfunza kusimama vizuri hivyo. Uso wa Baba ulijipinda, nikadhani ameumia, kumbe alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja uliobaki. "Mguu," alisema, na kujigonga paja kwa fimbo. Mwamuzi ndiye aliyecheka kwanza safari hii, na watu wakacheka naye, na Baba pia. Yule kijana nilimwona akicheka kama wengine. Pengine hakujua kwamba kicheko kimebadilika.

Tulipewa nafasi ya tatu. Wa kwanza alikuwa mbuzi kutoka Nkubu, na hata mimi nilikubali kwamba kiwele chake kilimzidi wetu. Tulipata utepe na ndoo ya plastiki, na Mama akaigeuza ndoo ile juu chini akaikalia, akavua viatu, akalia kidogo, kisha akaagiza chai.

Tukiwa tunakunywa akaja mwanamume mmoja kutoka Siakago, karani wa serikali kwa alivyojitambulisha, mwenye shamba kule kwenye ukavu wa Mbeere. Alitaka kumnunua Kendi amchanganye na mbuzi wake wa kienyeji. Aliongea na Mama. Mama akamwonyesha Baba kwa kidevu. Nilijua Baba atakataa. Nilikuwa na hakika hiyo kama nilivyokuwa na hakika kwamba usiku utaingia. Mwanamume akataja bei yake. Baba alimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Muda ukapita. Mwanamume akapandisha bei mwenyewe. Baba akaanza kusema, "La... la... la..." akitafuta neno fulani, na mwanamume, akidhani amekataliwa mara tatu, akapandisha tena. Nilimwona Mama akitazama ndani ya kikombe chake ili asionekane uso. Hadi leo sijui ni maneno mangapi yaliyokwama kweli na ni mangapi yaliyokwamishwa. Karani alianza kuhema. Mwishowe Baba alisema, "Sawa," akanyoosha mkono wa kushoto, wakapatana.

Nilipoelewa kilichotokea nilimkumbatia Kendi shingoni nikalia kwa sauti, mbele ya masweta yote ya shule. Nilimwambia Baba kwamba ni rafiki yake, kwamba hakuna mwingine anayeongea naye. Nilisema wazi kile ambacho Mama aliniambia nisionyeshe kuwa nakijua. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaegemea fimbo, akajishusha polepole hadi uso wake ukawa karibu na wangu, nikanusa chai na sabuni. "Wawira," alisema. Lilitoka zima. Akapumzika kama mtu aliyeweka chini gunia. "Wawira. Huyu ni... mbuzi." Akanifuta pua kwa utepe wa nafasi ya tatu, kwa kuwa ndicho kitambaa alichokuwa nacho mkononi, na akaenda zake kutazama matrekta. Karani alimpakia Kendi kwenye gari. Nilitarajia ageuke. Alikuwa amepata majani garini na hakugeuka.

Baba hakuendesha tena. Baada ya mwaka hivi alirudi Mitunguu kama msimamizi wa upakiaji, akikaa kwenye kiti chini ya turubai na kuhesabu mikungu, na inasemekana wakulima walipenda kazi yake kwa kuwa hakuweza kuwafokea. Yuko hai. Anaongea kila kitu, polepole, na akichoka lile "kesho" humponyoka, naye hulipuuza kama kikohozi.

Mimi naishi Meru mjini, katika nyumba ya kupanga ambako mwenye nyumba haruhusu hata kuku. Niliwapeleka watoto wangu maonyesho juzijuzi. Mbuzi wa siku hizi wana vipande vya plastiki masikioni vyenye namba, wanafugwa na vijana waliosomea kazi hiyo, na kila mwenye mbuzi anashika simu kumpiga picha. Ni mbuzi bora kuliko Kendi, hilo halina ubishi. Hospitali nazo zimebadilika. Wapo wataalamu wa kuwafunza wagonjwa kuongea upya, kitu ambacho hatukuwahi kukisikia kule kilimani, na kama kingekuwapo huenda Baba angepona kwa nusu ya muda. Sisemi mbuzi alimponya. Sijui. Watu wengine hupata nafuu kwa sababu ya muda tu.

Mwezi uliopita mume wa mwenzangu wa kazini, Bi. Kagendo, alitoka hospitalini na ugonjwa ule ule. Nilikwenda kuwaona. Kagendo alinipokea mlangoni na kuanza kunieleza hali ya mumewe huku mgonjwa mwenyewe akiwa hapo kwenye kochi, amefunikwa blanketi, macho kwenye televisheni. Kila nilipomuuliza swali, mkewe alijibu. Amelala vizuri. Amekula kidogo. Hapendi baridi. Alijibu kwa upendo, na upesi, kama mtu anayedaka vyombo visianguke. Chai ikaletwa. Kagendo alipopumua kidogo nilimgeukia mumewe nikamuuliza kama chai iko sawa, na nikaweka mkono juu ya goti la mkewe ili asinijibu yeye. Mgonjwa aliniangalia. Midomo ikasogea. Televisheni ikamaliza tangazo moja, ikaanza jingine. Utando ukajitanda juu ya chai yangu. Niliona shingo yake ikijaa jasho, na nikasikia Kagendo akipumua kwa shida kando yangu, akiwa na jibu tayari ulimini.

"Hai... haina," alisema mumewe. Akafumba macho, akayafumbua. "Haina majani."

Kagendo alichukua kikombe chake, akaonja, akasema ni kweli, na akaenda jikoni kupika nyingine.